Jumapili Mbio Zilipoondoka

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu zikufikie huko Maskati. Hapa Chokocho tu wazima, na dada yako kajifungua salama, alhamdulillahi.

Umeniuliza babu yako na nduguye Hamadi walipatanaje. Vyama vingi vilipoingia kila mmoja alishika chake, wakaacha hata kusalimiana. Ila kila Jumapili Hamadi alikuja kwetu kutazama mbio za magari, wakakaa kimya mbele ya televisheni. Kisha mbio zikahamishiwa chaneli ya kulipia, nasi hatukuimudu. Nikajua Hamadi hatakuja tena.

Jumapili ile akapiga hodi.

"Mbio hakuna," babu yako akamwambia. "Umekuja kutazama nini?"

"Nimekuja kukutazama wewe."

Babu yako akamsogelezea kiti. Kura zao hazikupatana kamwe, lakini Hamadi alipofariki, babu yako ndiye aliyeingia kaburini kuupokea mwili wake.

Nakuombea dua,
Bibi yako, Asha