Theluji Yetu, Karamu Yako

Sangdara,
Januari, siku ya jua kali na baridi ya kuuma meno

Kwa kaka yangu mpenzi Shodmon,

Assalamu alaikum. Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu Mahfirat na watoto wote, kuanzia anayekwenda shule hadi anayetambaa. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia, na moshi wa lile tanuri lako la mikate usiwe umekirudisha tena kikohozi. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Mama anakula, analala, anasali na ananigombeza kutwa nzima, kwa hiyo jua kwamba haumwi popote.

Utauliza kwa nini nakuandikia wakati simu unayo mfukoni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kila nikifungua mdomo unaniambia, "Gulandom, hilo nishaamua," halafu mtandao unapotea, au wewe ndiye unayeupoteza, Mungu anajua. Barua haikatizwi. Ukikasirika utaiweka chini, lakini mimi nakujua tangu utoto wetu, utaiokota tena kabla chai haijapoa.

Umesema majira ya baridi yakiisha utakuja kutuchukua, mimi na mama, tukakae kwenu mjini, ng'ombe auzwe na nyumba ifungwe. Sababu yako ni kwamba tangu baba atutoke nyumba hii haina mwanamume, na baridi ya huku si mchezo. Kaka, mimi sitaki kuhama. Mama naye hataki, ila kwako anajibu "utakavyo, mwanangu," kisha anakwenda kukanda unga huku machozi yanamdondoka. Basi niache nikueleze tulivyoishi tangu theluji ianguke, halafu uamue ukiwa umesikia.

Asubuhi naanza zizini. Zardak nimemvalisha lile joho kuukuu la pamba na kulifunga kwa kamba chini ya tumbo, maana mwaka huu ana mimba na sitaki apigwe na baridi. Bibi Oftob, jirani yetu, anasema ng'ombe wetu amevaa vizuri kuliko mwenyekiti wa kijiji. Nikishamkamua natoa samadi, natengeneza vibonge vya kukaushwa ukutani viwe kuni, halafu nachukua shoka na ndoo kwenda chemchemini kupasua barafu. Njia ya kurudi ni utelezi mtupu, kwa sababu kila mwanamke anamwaga maji kidogo na yote yanaganda, basi tunatembea kama bata na kuchekana. Anayeanguka ndiye anayesimulia habari za siku hiyo.

Majani ya ng'ombe bado nayashusha kutoka mlimani kama tulivyokuwa tukifanya na baba, yamefungwa juu ya matawi, nayaburuta hadi kwenye mteremko. Mteremkoni sihangaiki kuburuta, napanda juu na kuteleza nayo hadi nyuma ya zizi. Mama aliponiona mara ya kwanza alinisema sana, kwamba mjane mzima nateleza kama mtoto, watu watasemaje. Siku iliyofuata, nilipokuwa navaa viatu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama matawi yanabeba watu wawili. Yanabeba, kaka. Alishikilia kiuno changu akisoma dua njia nzima, na tulipofika chini akataka turudi.

Sasa nikupe habari ya theluji ya kwanza. Unakumbuka baba alivyokuwa akiamka siku hiyo, kabla hata hajafagia mlango, anaandika kikaratasi chake, "Theluji yetu, karamu yako," na kumtafuta wa kumtega: mjumbe akiponyoka, aliyepokea ndiye apike karamu. Tangu afe hatukuwahi kucheza tena. Mwaka huu mama mwenyewe alitazama nje akasema tumwandikie Bibi Oftob, maana mkono wa bibi yule unaujua, hata zabibu kavu haitoki bila kusikitikiwa. Mimi nikaandika, mama akacheka akikunja karatasi. Tatizo likawa mjumbe. Mimi ningeonekana tu kizingitini na Bibi Oftob angeshajua, angenishika kabla sijageuka, anipake masizi usoni, na karamu ituangukie sisi.

Bibi Oftob ana mpangaji tangu vuli, mtu wa Darvoz aitwaye Holnazar, aliyeletwa na watu wa barabara kuendesha tingatinga la kusukuma theluji. Alikuwa anapita mlangoni petu kurudi nyumbani, mama akampa kikaratasi, akamwomba amfikishie bibi. Hatukumweleza kitu. Tulidhani kila mwana wa Adamu anajua kwamba ukitumwa karatasi siku ya theluji ya kwanza, unaikabidhi na kutimua mbio. Kumbe kwao Darvoz theluji ni nyingi mno, anasema ya kwanza ikianguka watu huitukana tu na kurudi kulala.

Kaka, mtu huyu alivua viatu. Aliingia, akasalimu, akakaa chini, akakabidhi karatasi kwa mikono miwili, kisha akasubiri majibu. Bibi Oftob alisoma, akamtazama, akasoma tena, hakuamini bahati yake. Alimdaka kola kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akapangusa tako la sufuria, akampaka kutoka paji la uso hadi kidevuni. Maskini alikuja kwetu mweusi kama chungu, kofia mkononi, akasema, "Mama, nisamehe, sijui nimemkosea nini yule bibi. Barua ilikuwa na matusi?" Mama alishika ukuta kwa kicheko. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma, na yule mtu akiona tunacheka akaanza kucheka naye bila kujua anachekea nini.

Basi karamu ikawa juu yetu. Tulipika pilau kwa mafuta ya mkia wa kondoo na karoti zile tulizofukia mchangani, Bibi Oftob akala kama mtu anayelipiza kisasi. Holnazar alikaa karibu na mlango kwa adabu, mama akamwita asogee kwenye meza ya makaa, aingize miguu chini ya blanketi linaloifunika, kama sisi wengine. Hapo ndipo tulipojua kwamba mkewe alifariki akijifungua, miaka mingi sasa, mtoto naye hakuishi, na kwamba tangu hapo amekuwa akifuata barabara popote anapopelekwa. Alisema hayo bila kujililia, halafu akamsifu mama kwa wali. Mama akamjazia sahani tena.

Ikaja ile theluji kubwa ya mwezi uliopita, siku uliyotupigia simu kuuliza kama paa bado limesimama. Lilisimama kwa sababu nilikuwa juu yake tangu alfajiri na beleshi la mti la baba, nikitupa theluji upande wa njia. Ukingoni nikasikia Bibi Oftob akipiga yowe ndani mwake. Holnazar alikuwa juu ya paa lake na beleshi la chuma, amekwangua udongo wa paa mpaka kipande kikadondoka ndani ya supu ya bibi. Nikamwambia kutoka kwetu, "Kaka wa Darvoz, hapo si barabarani, hapo watu wanakula." Akanijibu kwamba supu ile hata kabla ya udongo ilikuwa haina nyama, na Bibi Oftob akamsikia kupitia tundu, ikawa kesi nyingine. Mapaa yetu yanagusana, nikavuka, nikampa beleshi langu la mti na kumwonyesha jinsi ya kuacha tabaka jembamba la theluji ili udongo usiguswe. Tulimaliza paa lake, kisha akaja kunisaidia letu, na kutoka paa hadi paa watu wakaanza kutuuliza kama tumefungua kampuni.

Tangu siku ile, theluji ikianguka alikuwa anapanda juu na mimi napanda, yeye kwake, mimi kwetu, tunashindana nani atamaliza kwanza. Hata siku moja hakuvuka bila mama kuwepo uani. Bibi Oftob alikuwa anasimama chini kama mwamuzi, na nikishinda anamzomea mpangaji wake kwamba anashindwa na mwanamke mwenye kilemba. Alikuwa akijibu kwamba kushindwa na mimi hakumuumi, kinachomuuma ni kikohozi cha tingatinga. Nilijifanya sikusikia, lakini kaka, niliifua skafu yangu ya bluu siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilimkuta chemchemini, na wanawake wengine walikuwepo, usianze kukunja uso. Alikuwa amebeba beleshi jipya la mti, limechongwa kwa mforosadi, mpini umelainishwa vizuri. Akasema lile la baba lilikatwa kwa mwanamume mrefu, ndiyo maana nikilitumia nakuwa kama napigana nalo, na hili amelikata kwa kimo changu. Nikamuuliza kimo changu amekipimia wapi. Akasema, "Dada Gulandom, tangu theluji ianze natazama paa lenu kuliko barabara. Ndiyo maana barabara ina mashimo." Wanawake wote wakainama ghafla, kila mmoja akipasua barafu iliyokwisha kupasuka. Kisha akaniuliza, mbele yao, bila kuzunguka, kama nina mtu wa kuombwa posa yangu. Nikamwambia ninaye kaka, yuko mjini, mkali, anaoka mikate na hasikilizi simu.

Vuta pumzi, kaka yangu, nimefika nilipokuwa nakwenda tangu mstari wa kwanza. Holnazar nampenda. Nimeshamwambia kwamba ukikubali wewe, mimi nimekubali. Mkataba wake wa barabara unaisha na theluji, lakini ameomba abaki huku moja kwa moja, na amesema atahamia kwetu, hatanipeleka Darvoz wala popote, ili mama asiachwe peke yake. Na usije ukafikiri nakuandikia ili nipate mtu wa kufagia paa. Paa nalifagia mwenyewe, umeshasoma. Nyumba haikupungukiwa mwanamume, kaka. Ni mimi niliyepungukiwa mtu wa kucheka naye, tangu Odina wangu afariki, na nilikuwa nimezoea mpaka sikujua kama ninaumwa.

Na sasa malizia kusoma polepole. Juzi wifi alimwambia mama kwenye simu kwamba theluji ya kwanza ya mwaka imewafikia hata nyinyi mjini, watoto wametoka nje bila soksi. Basi barua hii ni halali kwa sheria zote za baba: theluji yetu, karamu yako. Yule mgeni aliyekukabidhi bahasha, mrefu, mwenye kofia ya manyoya na mikono iliyopasuka kwa baridi, ndiye Holnazar mwenyewe. Najua posa haiendi na mwenye kuposa, lakini wazee wake wako ng'ambo ya milima iliyofungwa na theluji, na sisi hatuna subira ya kungoja iyeyuke. Nilimfundisha vizuri safari hii. Nilimwambia, ukishampa tu, kimbia. Amekataa. Amesema hawezi kuja kuomba dada wa mtu huku anakimbia.

Kwa hiyo yuko hapo, kaka, bila shaka ameshavua viatu. Ukimwacha aende zake, umeshindwa, na karamu ni juu yako. Ukimshika, tumeshindwa sisi, na karamu ni juu yetu. Kwa vyovyote vile ni karamu moja tu ninayoizungumzia, na unaijua ni ipi. Na kama jibu lako ni hapana, mwambie mwenyewe, kwa upole, baada ya kumpa mkate wa moto, maana ametoka mbali. Sitakwenda kinyume chako, nitalia na nitanyamaza. Lakini mjini usinipeleke, niache hapa na mama na beleshi langu.

Msalimie wifi, umwambie sufu aliyoniomba nimeshaisokota. Wabusu watoto, hasa yule mdogo ambaye mama anadai amechukua pua yake. Bibi Oftob anakusalimu na anauliza kama mikate ya mjini bado ni midogo. Tunakuombea afya, riziki na moyo mwepesi.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Gulandom

Baada ya sahihi: nilikuwa nafunga bahasha, mama amenizuia. Nimemsomea yote, hata pale pa kuteleza, na anataka niandike haya kama anavyoyatamka. Shodmon mwanangu, mshike. Usimwonee haya, mpake masizi ya tanuri mpaka masikioni. Ukimwacha, karamu itakuwa yako, utaipika huko mjini, na mimi nitakuja kula nikiwa mgeni. Ukimshika karamu ni yangu, na karamu ya binti yangu naipika hapa, uani kwangu. Mshike, uje naye.