Chai Yangu Mbele ya Wakubwa wa Ivyne

Mountain View,
Nairobi.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Maurine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, na nyingine uzihifadhi kwa baridi ya huko Edmonton. Hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi ni wazima. Mume wangu Wesonga amepona kikohozi na amerudia kelele zake za mpira, kwa hiyo nyumba iko vilevile unavyoijua.

Habari kubwa ni ya binti yangu Ivyne, ambaye ni mwanao pia. Amekubaliwa! Kile chama cha kimataifa cha wachambuzi wa nafsi kimempokea awe mwanachama kamili. Nilishangilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Najua utaniuliza tena ni kazi gani hiyo. Mtu anakuja, analala kwenye kochi, anasema lolote linalomjia, naye Ivyne anaketi nyuma yake akisikiliza. Hampi ushauri wala hamwombei. Mtoto ambaye hakunyamaza hata kanisani, leo kunyamaza ndiyo kazi yake!

Amesoma miaka mingi, na yeye mwenyewe akalala kwenye kochi la mwingine, maana chama hakikubali usikilize watu kabla wewe hujasikilizwa. Yalikuwa yamebaki mahojiano tu. Wangemkataa, angerudi kuwa mwanafunzi, na umri wake unaujua.

Na karibu nimharibie. Kochi liko chumba cha nyuma hapa nyumbani, kile cha kaka yake Clifford kabla hajaoa. Mwezi wa tatu nilikuwa jikoni nikasikia mwanamume mzima analia kule ndani. Maurine, wewe umekulia kwetu. Mtu alie nyumbani kwangu, nami niendelee kukata sukuma wiki? Nilibeba chai na mandazi, nikagonga, nikaingia, nikampa pole. Yule bwana akajifuta uso, akaketi, akanywa. Ivyne alinitazama kwa jicho ambalo lilinifanya nisahau sinia.

Jioni alinikalisha chini. "Mum, ukiona hiyo mlango imefungwa, usiingie. Hata nyumba ishike moto." Nilinuna wiki nzima. Kumbe kisa chenyewe ilibidi akiandike kwenye ripoti ya chama, maana kule hata makosa yanaripotiwa.

Mwezi uliopita wakubwa wawili wa chama wakaja, mmoja wa Argentina, mwingine wa India, wakamhoji katika hoteli moja mjini. Mimi niliachwa chini kwenye viti, nikiomba. Unajua Ivyne aliniambia walianzia wapi? Kwa chai yangu! Yule mama wa India alicheka, akasema mama yake angeleta na wali. Kisha hakucheka tena. Alitaka kujua mlango ule utalindwa vipi.

Ivyne alijibu kwamba atanieleza sababu, kwa kuwa amri peke yake haijawahi kunizuia. Walimkubali. Na akanieleza kweli, tukirudi nyumbani. "Mum, kuna watu hawajawahi kulia maisha yao yote. Siku wanaanza, unawaletea chai, wananyamaza."

Nilikumbuka tulipomzika baba, mimi na wewe tukaambiwa nyamazeni, tukapewa uji. Tukanyamaza. Uji wenyewe ulikuwa mtamu.

Juzi mtu alilia tena kule nyuma. Sijui ni nani, na sitaki kujua. Birika lilikuwa limechemka. Nilizima gesi, nikaketi, miguu ikiniwasha kuinuka. Wesonga alipouliza chai yake iko wapi, nilimwambia, "Ngoja kwanza. Mtu analia."

Wesonga, Clifford na mkewe Kanyiva wanakusalimu, na Ivyne anasema picha zinakuja. Mungu akufunike wewe na watoto, awape usingizi mzuri.

Na Jumapili ukipiga simu, Maurine, ukitaka kumlilia mumeo, marehemu Shem, mlilie. Nitakaa huku upande wangu na simu sikioni, na sitakuambia nyamaza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa kimya,
Rael