Wifi Yangu Aliandika, Kompyuta Ikamruka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamtupia bosi wangu kibodi. Mimi natengeneza programu za kompyuta, na ofisi yetu ndiyo iliyowekea hospitali moja mfumo wa mafaili ya wagonjwa, na wifi yangu, wifi wa ndoa, si wa intaneti, ni muuguzi hapo hapo, sasa wiki iliyopita aliandika kwenye kompyuta ya wodini kwamba mgonjwa fulani hapatani na penisilini, skrini ikamjibu "Imehifadhiwa", na papo hapo daktari chumba cha pili akafungua faili lile lile, hakuona kitu, akaagiza sindano ya dawa hiyo hiyo, mgonjwa akavimba uso mpaka macho yakafumba, nashukuru amepona, lakini wifi amesimamishwa kazi, na alipowaonyesha wakubwa wa hospitali kwamba maandishi yapo wakamwambia ameyachomeka baadaye kuficha uzembe. Hakuyachomeka! Taarifa zetu zinakaa kwenye seva tatu, yaani kompyuta za kuhifadhia, unaandika kwenye ile kuu, mbili zinanakili kwa kuchelewa kidogo, na laibrari, yaani kile kipande cha programu kinachotumwa kwenda kusoma, kinasoma seva yoyote iliyo karibu, kwa hiyo daktari alisomewa taarifa iliyopitwa na wakati. Nilishasema tukilazimishe kisome seva kuu, bosi akajibu, "Itakuwa nzito, wateja wanataka kitu chepesi," na sasa anasema, "Wewe nyamaza, nesi ndiye kasahau," na mume wangu ananiuliza nikifukuzwa itakuwaje, na wifi kila jioni anakuja kukaa jikoni kwangu, ananiuliza, "Wifi, hivi inawezekana kweli sikuandika?" na mimi namjibu sijui. Nifanye nini?

JIBU

Dada, pole. Pole yenyewe inaishia hapo.

Bosi wako amenipandisha hasira mpaka chai imenipoa mkononi. Wepesi gani huo, wa kuwahi kumpa daktari habari za uongo? Muuguzi akisoma "Imehifadhiwa" anajua kila mtu ataiona. Kama sivyo, basi skrini iseme "Imehifadhiwa, ila daktari bado", tuone nani atanunua. Na huyo mume wako mkumbushe kuwa anayechafuliwa jina ni dada yake.

Lakini aliyenichefua zaidi ni wewe. Mtu mzima anaanza kutilia shaka akili zake, amekaa jikoni kwako, na jibu unalo mdomoni!

Kesho omba kikao na uongozi wa hospitali, uende na wifi. Weka kompyuta mbili mezani. Wifi aandike kwenye moja, daktari yule yule afungue nyingine hapo hapo, na warudie mpaka daktari aone patupu kwa macho yake. Usiwahutubie kuhusu seva kabla hawajaona. Kisha dai kila kinachohusu dawa kisomwe seva kuu tu, hata skrini ikikawia kidogo. Bosi akikutimua, programu utatengeneza kwingine. Muuguzi aliyeitwa mwongo hapati wodi ya kumpokea.

Hayo ni ya kesho. Leo jioni atakuja tena jikoni, na atauliza lile lile. Usimsomee jibu la zamani, lile la sijui. Mwambie, "Wifi, uliandika."