Saini Zilizotangulia Kazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Umri: miaka 23. Jinsia: mwanamke
Kazi: karani, kituo cha magari ya wagonjwa
Makazi: kwa shangazi yake, nyuma ya soko la mbao
Tarehe: 11, Alhamisi. Yalianza kuandikwa saa tano na dakika kumi asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, na nimeelewa.

Nina miezi mitano kazini na bado niko kwenye muda wa majaribio. Kila gari linalotoka ninaliandika kwenye daftari la safari: saa, mahali linapokwenda na watu waliomo. Pia ninatunza mhuri wa kituo.

Mnamo Jumanne, tarehe 9, saa moja na nusu asubuhi, alifika mwanafunzi wa huduma za dharura kwa siku yake ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo. Alikuja na daftari lake la mazoezi. Mkufunzi hulitia saini kwa kila kazi aliyomwona mwanafunzi akiifanya, na kazi ya kwanza ni kukagua gari na vifaa, pamoja na geji ya mtungi wa oksijeni. Dereva alimtania kwamba viatu vyake vinang'aa kuliko taa za gari, akambandika jina la Profesa.

Saa mbili kasoro dakika kumi mkufunzi aliingia, akalifungua daftari hilo juu ya meza yangu na kutia saini kurasa nne mfululizo. Kituoni kwetu ni mazoea. Wanasema simu zikianza kuingia hakuna anayekumbuka kalamu. Nilisita. Akaniambia, "We karani, piga mhuri. Unanitazama kama mama mkwe." Nilicheka, nikapiga mhuri. Kisha alikwenda kuziba pancha ya gari lake mwenyewe, akamwambia dereva wakiitwa watangulie, naye atawafuata.

Tangu hapo mwanafunzi alikaa kwenye benchi mbele yangu. Mara mbili aliniuliza kama anaweza kuanza kulikagua gari. Mara zote mbili nilimjibu amsubiri mkufunzi, kwa sababu kanuni inamkataza mwanafunzi kugusa vifaa peke yake. Milango ya nyuma ya gari ninaiona kutoka dirishani kwangu. Haikufunguliwa.

Saa tatu na robo tulipigiwa simu kutoka shule ya msingi iliyo karibu na mnara wa maji, kwamba mwalimu amebanwa na pumu. Mkufunzi hakuwa amerudi. Dereva na mwanafunzi waliondoka. Niliandika: watu wawili.

Walirudi saa tano na dakika ishirini. Dereva alinieleza kwamba oksijeni iliisha njiani, mwanafunzi akawa anampulizia yule mwalimu hewa kwa mpira wa kubonyeza kwa mkono mpaka hospitali. Mwanafunzi mwenyewe alirudi kwenye benchi. Alikuwa akijifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. Saa saba mchana tuliarifiwa kwamba mwalimu amefariki.

Saa nane mkufunzi alikuja mezani kwangu na kikombe cha chai. Tangu niajiriwe hajawahi kuniita ila "we karani". Siku hiyo aliniita mwanangu, akamuulizia shangazi yangu. Wema ule ulinitia shaka kabla hajasema shida yake. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni, ametupa mgongo. Mkufunzi akasema, "Mwanangu, pale kwenye daftari umekosea. Tulikuwa watatu." Nilimtazama mkuu. Hakugeuka.

Nilidhani mkufunzi anaficha utoro wake tu. Jana adhuhuri, mwanafunzi alipokamatwa kwa kifo cha mwalimu, ndipo nilipoelewa. Mkufunzi ameeleza kwamba alikuwemo garini, na kwamba asubuhi mwanafunzi alisoma geji mbele yake akamwambia mtungi umejaa. Saini na mhuri vinasema hivyo hivyo. Nilimfuata dereva. Alinijibu, "Dada, mimi naendesha. Ya nyuma siyaoni." Ndiye huyo huyo aliyenieleza habari ya oksijeni. Hapo nikajua kijana wa watu ameangushiwa jumba bovu, na tofali mojawapo ni mhuri wangu.

Leo saa mbili na nusu asubuhi nilimkuta mkuu wa kituo akilipekua daftari la safari. Aliniagiza nifungue jipya, kwamba hili limechakaa. Lina miezi miwili tu. Alipotoka nililitia kwenye mkoba nikaondoka. Nimelitoa bila ruhusa.

Kwenye safari ya kwanza ya tarehe 9, neno "watatu" na cheo cha mkufunzi ni mwandiko wangu. Niliandika saa nane na dakika kumi mchana, mgonjwa akiwa ameshafariki. Neno "wawili" bado linasomeka ukiinua karatasi kwenye mwanga. Hakuna aliyenishika mkono. Niliogopa kukosa kazi.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, ametia saini mbele yangu saa sita na nusu mchana. Nimepokea daftari moja la safari kama kielelezo. Saa tano na dakika arobaini mkuu wa kituo chake alipiga simu hapa kuripoti kwamba karani ameiba daftari la ofisi. Nimemtaka afike saa nane, yeye, mkufunzi na dereva. Shahidi alisikia mazungumzo hayo yote. Wakati huo alikuwa hajafika kwenye habari ya kubadili daftari. Aliomba maji, akanywa, akaendelea.