Enda Usome Mvua Kwanza

Mpendwa Mama Jerono,

Nimepata mshtuko ambao sijui nimpelekee nani kama si wewe, ingawa wewe ndiye uliyeusababisha.

Masika yalifika Kimumu juma lililopita, mvua ya kwanza tangu tukuzike. Ngurumo ilipopiga nilifanya kama kawaida yangu: nikafunika kioo, nikachomoa televisheni na friji, nikazima kompyuta kabisa, nikakaa mbali na dirisha. Ulikuwa ukinicheka. "Mwalimu mzima wa jiografia anaogopa mawingu!" Nami nilikuwa nakueleza upya jinsi radi ilivyounguza redio ya chumba cha walimu, nawe ukisema hiyo radi umeisikia mara nyingi kuliko redio yenyewe.

Mvua ilipokatika niliwasha kompyuta niandike kipimo. Programu yetu ya kuhifadhi vipimo vya mvua haikufunguka. Badala yake yakatokea maandishi mekundu: imeshindwa kuunganishwa na injini, je, injini inafanya kazi?

Nikueleze. Programu ile niliiandika mwenyewe baada ya kustaafu, lakini kila nilipobadilisha kitu kwenye kompyuta, iliharibika. Ndipo Jerono wetu, ambaye kazi yake kule Nairobi ni hizo hizo programu, akaifungia ndani ya kontena. Si kontena la chuma kama yale yaliyogeuzwa maduka kando ya barabara ya kwenda mjini, ingawa wazo ni lile lile: kila kinachohitajika kimo ndani, na mambo ya nje hayakisumbui. Lakini kontena haliendi lenyewe. Nyuma yake kuna injini. Ni kama kwenye kinu cha posho: utamimina mahindi mpaka jioni, lakini kama mota haijawashwa hupati unga.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona hitilafu hiyo hata mara moja, kwa hiyo niliamini kuna kitu kimevunjika. Nilizima na kuwasha modemu, ingawa programu ile haihitaji intaneti hata kidogo. Nilikagua namba ya mlango wa ndani ya kompyuta inaopitia. Nililegeza kinga ya kompyuta. Nilichapa amri za watu wa mtandaoni nisiowajua. Swali likarudi lile lile, nami nikaliona kama matusi. Yaani mashine ndiyo inaniuliza mimi kama injini inafanya kazi!

Mshauri mmoja huko mtandaoni alisema dawa ni moja: ng'oa mfumo wote wa kontena, uuweke upya. Kompyuta ikanionya kwamba kila kilichomo kitapotea. Na kilichomo, Mama Jerono, ni mvua zetu zote. Imo hata ile wiki niliyolazwa hospitalini, ukanisomea mvua kwa simu.

"Leo ni kidole kimoja na nusu."

"Mama Jerono, milimita!"

"Umelala na dripu mkononi na bado unataka milimita? Ni kidole na nusu, na ni kidole changu."

Niliporudi nyumbani nilipima upana wa kidole chako kwa rula, nikaandika.

Jumamosi nilikuwa nimeshakata tamaa, mkono uko juu ya kitufe cha kung'oa, Jerono akaingia na mfuko wake wa safari. Sikuwa nimemwambia lolote. Nilidhani ana huzuni ya kumtosha.

"Baba, ngoja. Unafanya nini?"

"Nang'oa. Injini imekufa."

"Ulizima kompyuta kwa sababu ya ngurumo?"

"Bila shaka."

"Na halafu nani akawasha injini?"

"Si inajiwasha?"

Akaweka mfuko chini. "Haijiwashi, Baba. Niliiacha hivyo ili isiilemee kompyuta yako, imezeeka. Mama ndiye alikuwa anawasha."

"Mama yupi?" nikauliza, kana kwamba mko wawili.

Akanieleza. Mara ya kwanza ulimpigia simu kwamba mashine ya Baba imegoma, na Baba yuko nje kwenye mvua yake. Akakufundisha: bonyeza ile alama ndogo pembeni, ngoja iwe kijani, kisha fungua programu. Akakuuliza kwa nini usinipe simu tu. Ukamjibu, "Wacha! Akijua najua, atanieleza hiyo injini mpaka ugali upoe."

Jerono alicheka huku machozi yakimtoka. Nilikuwa naanza kuona. Kila mvua ilipokatika ulisimama mlangoni ukaniambia, "Enda usome mvua kwanza." Nilivaa gamubuti, nikashuka hadi kwenye kipimamvua kule uani, nikasoma, nikarudi. Chai iko kando ya kompyuta uliyoniwashia, na programu imefunguka, inanisubiri. "Unaona kitu kilichoandikwa vizuri?" nilikuwa nikikuambia. Nawe: "Naona, Mwalimu." Miaka yote hiyo! Na uso mkavu namna ile!

Jerono alibonyeza ile alama. Ikawa kijani, na mvua zetu zote zikatokea, pamoja na kidole chako. Kisha akanionyesha kisanduku kimoja: kikitiwa alama, injini itajiwasha yenyewe kila kompyuta inapowaka. "Nikuwekee? Kompyuta itachelewa kidogo tu." Nikamwambia akiache.

Jana ngurumo zilirudi. Mvua ilipokatika nilisimama mlangoni pale pale pako, nikajiambia kwa sauti, "Enda usome mvua kwanza." Nikaenda. Milimita kumi na sita, kidole chako kimoja kamili. Nikarudi, nikavua gamubuti, nikawasha kompyuta, nikafungua programu. Maandishi mekundu. Mezani hakuna chai.

Nilijua itakuwa hivyo. Nilishaelezwa, nami nimekueleza wewe hapa juu. Bado nilishtuka kana kwamba ile radi ya chumba cha walimu imenipiga mimi. Nikabonyeza alama yako, nikangoja kijani.

Pumzika, Mama Jerono. Leo mawingu yanakusanyika tena, na kazi zote mbili, kusoma mvua na kuwasha injini, ni zangu.

Mumeo,
Mwalimu