Shibiri za Mjomba

Kwako Dada yangu,

Pokea salamu nyingi kama madoa ya rangi yaliyo kwenye suruali yangu. Ungeiona suruali yenyewe ungejua nimekusalimu haswa. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na ile cherehani bado inakata uzi? Watoto je? Mwambie yule wa mwisho kwamba mjomba wake bado ana sura nzuri kuliko baba yake. Na Mjomba wetu, mzima? Au bado mkipishana uani unageuza uso kana kwamba umepita mlingoti? Hilo nitalirudia. Mimi sijambo kabisa, nakula, nalala, na utanashati umezidi mpaka unaniletea usumbufu.

Sasa kaa chini. Mdogo wako, yule aliyekaa darasa la sita mpaka madawati yakamzoea, yuko kwenye kampuni kubwa ya teknolojia. Jengo la ghorofa tisa, vioo vitupu, na milango inajifungua yenyewe ukikaribia. Nilitaka niishie hapo uwatangazie majirani, lakini nakujua, utauliza cheo. Basi niseme ukweli: ndani ya kampuni sipo sana, nipo kwenye ukuta wake. Fundi wangu mwandika mabango, yule tunayemwita Brashi kwa ajili ya masharubu yake, alipewa kazi ya kupamba ukuta wa mapokezi.

Kampuni ilikuwa inatimiza miaka kumi tangu hisa zake zianze kuuzwa sokoni. Wakubwa wakataka bei za miaka yote hiyo zichorwe kwa mstari mmoja, tangu siku ya kwanza hadi leo, wageni wauone wakiingia. Usione haya kuuliza hisa ni nini, hata mimi nimejua juzi. Ni kipande cha kampuni. Ukikinunua una sehemu yako, na bei yake hupanda na kushuka kadiri watu wanavyokigombania au kukikimbia. Karani wa hisa, kijana wa tai na haraka nyingi, alimwachia Brashi bahasha ya tarakimu akaenda likizo.

Brashi na tarakimu hawaivi. Alisema ana miaka thelathini ya kuchora kuku na viatu, hajawahi kuombwa achore hesabu, kwa hiyo ukuta huo ni wangu. Ukitoka vizuri nitaitwa fundi na kupewa kuta zangu mwenyewe. Ukiharibika mbele ya mkurugenzi siku ya Ijumaa, narudi kuosha brashi, na safari hii nitaziosha mpaka nizeeke. Akachomoa karatasi moja kwenye bahasha, akanipa, akaenda zake kuchanganya rangi.

Dada, nilitoa macho. Kila mwezi ulikuwa na bei nne: ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufungia. Nani ana ukuta wa kuchora zote? Nikachagua ya kufungia, maana hiyo ndiyo neno la mwisho baada ya kelele zote kwisha. Miaka kumi ni miezi mia moja na ishirini, ukuta ni mita kumi na tatu, nikitoa moja ya karibu na dirisha zinabaki kumi na mbili, kwa hiyo kila mwezi sentimita kumi. Umeiona hesabu hiyo? Sikutumia hata kidole kimoja.

Nilianza kwa chaki, nikafuatia penseli. Siku ya kwanza bei ilikuwa sitini. Ikajikongoja, ikaanguka kidogo mwaka wa tatu, ikainuka, na kufikia mwaka wa sita ilikuwa mia nane na arobaini. Mwezi uliofuata, mia mbili na kumi na mbili! Nilisoma mara tatu, nikaigeuza karatasi kuangalia kama kuna maelezo nyuma. Hakuna. Mstari ulidondoka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kwa ujuaji wangu nikaupaka nyekundu iliyokoza, nikijisifu kwamba mimi si mtu wa kuficha mambo.

Brashi alipokuja jioni ya Jumatano alisimama, akavuta masharubu, akanipongeza kwa kuwachorea matajiri kaburi lao. Kisha akaniambia niupinde tu mstari upande juu, kwani nani atahesabu? Nikamjibu kwamba bei zimeandikwa. Akasema basi nianze kuloweka brashi mapema.

Sasa, mle ndani kuna mama mmoja wa usafi, mtu mzima, amefagia hapo tangu kampuni ilipokuwa na meza mbili. Asubuhi ya Alhamisi niligundua anafagia chini ya ngazi yangu kwa mara ya tatu, na sakafu ilikwisha takata zamani. Nikamtania kwamba kama ananipenda aseme. Akanijibu kwamba ana wajukuu wanaonizidi ndevu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama ule mporomoko mwekundu ndio siku waliyogundua.

Nikauliza wagundue nini. Ikatoka pole pole. Hisa zilipoanza kuuzwa, wafanyakazi wa mwanzo walizawadiwa, na yeye akapata hamsini. Miaka minne iliyopita akaletewa barua kwamba ana mia mbili. Hakununua hata moja. Akaona mashine imekosea, wamempa za mtu, na wakijua watamwita mwizi. Tangu siku hiyo barua imekaa chini ya godoro, naye kila akiitwa ofisini hudhani ndiyo siku yenyewe.

Hamsini zimekuwa mia mbili, na bei ya mia nane na arobaini imekuwa mia mbili na kumi na mbili, tena wakati ule ule! Dada, nilishuka kwenye ngazi bila kuziona ngazi, kwa sababu nilikumbuka mwimo wa mlango wa chumba chetu.

Unakumbuka? Kila mwaka ulinisimamisha pale, ukanipima kwa shibiri zako, ukachonga alama kwa kisu na kuandika idadi pembeni. Nilipokuwa na miaka sita nilikuwa shibiri nane, ukaniita hivyo mpaka mtaa mzima ukalishika. Mwaka uliofuata uliungua kidole, akanipima Mjomba kwa mikono yake ile kama makasia. Nikatoka shibiri sita kasoro. Nililia siku nzima kwamba nasinyaa, kwamba kufika Jumamosi nitakuwa nimekwisha. Wewe ulicheka mpaka ukashikwa na kwikwi, kisha ukaniketisha ukaniambia mwili wangu haujapungua hata kucha, kilichobadilika ni mkono. Ukamwita Mjomba apime upya alama zote za nyuma kwa mkono wake, ukafuta idadi za zamani na kuandika mpya. Nikaona kwa macho yangu kwamba nimekuwa nikirefuka tu.

Kumbe na kampuni ilibadilisha mkono! Kila hisa moja waliikata ziwe nne, na kila kipande kikabeba robo ya bei. Hakuna aliyepoteza. Nikachukua bei zote za kabla ya mwezi ule nikazigawa kwa nne. Sitini ikawa kumi na tano, mia nane na arobaini ikawa mia mbili na kumi, na mia mbili na kumi na mbili ikaja kukaa pembeni yake kwa adabu. Nikafuta nyekundu yangu, nikachora upya.

Yule mama nilimweleza kwa maandazi yake mwenyewe, nikimkatia moja vipande vinne na kumuuliza kama limeongezeka. Akasema limepungua, kwa kuwa nimeshakula kipande. Halafu akaegemea fagio lake, akalia na kucheka kwa pamoja. Miaka minne, Dada, mtu anajiona mwizi kwa kitu ambacho ni chake halali.

Ijumaa asubuhi karani alirudi, akakimbilia ukutani kabla hajaweka mkoba. Akashusha pumzi, akasema vizuri kwamba nimetumia karatasi ya pili, ile ya bei zilizokwisha rekebishwa. Nikamwuliza karatasi ya pili ipi. Tukaitafuta wote watatu. Brashi alikuwa ameitumia kufunikia kopo la rangi! Tuliibandua, tukalinganisha, na hesabu zangu zikawa zile zile mwanzo hadi mwisho. Karani akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia mlangoni.

Nilimuuliza kama lile shimo la mwaka wa tatu nalo ni la mkono. Akasema hapana, hilo ni anguko la kweli, simu zao ziligoma kununuliwa, na niliache lilivyo. Brashi naye akataka kujua mstari unakwenda wapi baada ya leo, ili anunue hisa. Karani akamjibu kwamba ukuta unaonyesha ulikotoka tu. Kwa hiyo mita ya mwisho karibu na dirisha nimeiacha nyeupe. Mkurugenzi alipouliza nani kachora, Brashi, ambaye huwa hagawi sifa hata kwa mkewe, alinisukuma mbele mpaka nikajikwaa. Mwezi ujao napewa ukuta wangu wa pili.

Asante, Dada. Sijui kuiandika kwa urembo. Nilichokuwa nacho juu ya ngazi ile ulinipa wewe.

Ndiyo maana siwezi kuifunga barua hii bila kusema lililo tumboni. Ukuta nisemao kuwa wa kwanza si wa kwanza. Mwimo ule wa mlango, ulioukuta umepakwa bluu ukalia, ukamtuhumu Mjomba kwa kuwa wiki ile alisema miimo inahitaji rangi, niliupaka mimi. Pembeni ya kila alama uliandika na darasa langu. Alama tatu za mwisho zilipanda, na kwa zote tatu ulikuwa umeandika darasa la sita. Rafiki zangu walikuwa wanakuja. Nikachukua rangi iliyobaki kwenye geti la jirani.

Mjomba alijua. Tulipokaa kula aliona bluu kwenye kucha zangu, akanisogezea sabuni. Baadaye aliniambia nitakujulisha siku nitakayoweza, na mpaka hapo atanishikia siri hiyo. Ameshika miaka minne, nawe humsalimii.

Tafadhali usisubiri nije. Ukimaliza kusoma mpelekee chai, umwambie nimesema.

Mimi nakuja mwisho wa mwezi na kikwangulio na dawa ya kulainisha rangi ya mafuta. Usiruhusu mtu auguse mwimo. Ulichonga kwa kisu, na rangi imejaa tu kwenye mikato, alama zipo. Nitazitoa zote, na zile tatu za darasa la sita utaziandika tena kama zilivyokuwa, kwa kuwa hizo hazikuwa za mkono.

Wasalimie watoto, shemeji, na cherehani. Mjomba mwambie akate kucha, kuna mtu anataka kupimwa.

Ni mimi mdogo wako,
Shibiri Nane kwa mkono wako,
sita kasoro kwa mkono wake.