Mama Mkasi na Gia za Dirisha la Baba

Mwaka umezunguka, Mama, na leo umefika pale pale ulipotuacha. Mtaani bado wanakuulizia kwa jina walilokupa wenyewe, Mama Mkasi. Juzi mteja wako mmoja alirudi kutoka safari ndefu, gauni begani, hana habari. Tulipomwambia alikaa kwenye kiti chako cha cherehani akalia sana, kisha akapangusa macho akauliza kama kuna yeyote kati yetu anayejua kushona zipu. Hayupo.

Ulikuwa ukizungumza na pini mdomoni, na katika dunia nzima waliokuelewa ni sisi na Baba tu. Sare za watoto wa watu uliziachia upindo mrefu kwa ndani bila kuombwa, ukisema mtoto hamuulizi mama yake kabla ya kurefuka. Chaki uliichomeka sikioni, ukaitafuta nyumba nzima, na aliyekuonyesha ilipo ulimgombeza kwa kuchelewa kusema.

Lakini tunalokukumbukia kila kukicha ni lile la dirisha, na tunapenda wanaosoma kumbukumbu hii nao walisikie.

Baba alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala na mguu ukawa mzito. Dereva wa malori, mtu aliyezoea kukaa juu na kuona barabara yote, akawa wa kulala chali chumbani. Dirisha la pale kitandani lilikuwa la mbao nzito, la kusukumwa nje kwa mikono miwili. Hakuliweza, na hakutaka kufunguliwa. "Sitaki kuomba hewa kama abiria," alisema, akageukia ukutani. Tukawa tunamkuta gizani mchana kweupe, na maneno yake yakapungua hadi tukaanza kuogopa. Sisi tulibishana naye. Wewe ulipanda kitandani na viatu vyako, ukampita kwa juu, ukalipima dirisha kwa futi kamba, ukashuka.

Mwanao mkubwa, fundi umeme, alitaka kuweka mota. Ukamwambia siku umeme ukikatika baba yake atakuwa gizani mara mbili. Ulikuwa umeona kwenye simu ya kitindamimba wako magurudumu ya mbao yenye meno, dogo likizungusha kubwa, na kitu kizito kikisogea taratibu kwa nguvu ya mkono mmoja.

"Wanazikataje hizo gia?" uliuliza.

Kitindamimba akakueleza: unataja idadi ya meno, kompyuta inachora, unachapa mchoro kwenye karatasi, unaibandika juu ya mbao, unafuata mstari kwa msumeno.

Ukatoa pini mdomoni ili usikike vizuri. "Sasa hiyo si ndiyo patani ya gauni? Ni kazi yangu toka sijaolewa."

Basi mkakaa wawili nyinyi mkachora: gia ndogo yenye mpini, gia kubwa, na ubao mrefu wa kulisukuma dirisha. Ukapeleka michoro stesheneri. Ukarudi, ukakata, ukapiga msasa, ukaziunganisha, na meno hayakuingiana hata kidogo. Yalikuwa kama meno ya babu na ya mjukuu kwenye mdomo mmoja. Ukarudi stesheneri na gia zote mbili mkononi, na mtaa mzima ukajua unakwenda kwa shari.

"Mama, ile kubwa ilizidi karatasi," alijitetea yule jamaa wa pale. "Mashine imeipunguza ili ikae vizuri."

"Nani kakwambia ikae vizuri? Nikishona suruali ikae vizuri kwenye hanga, mwenye kiuno ataingia?"

Akakuchapia upya kwa kipimo chake kamili, vipande vinne, nawe ukaviunga ukutani kama unavyounga mgongo na kifua cha gauni. Ukabandika kwa uji wa unga, kwa sababu gundi ulisema ina harufu. Asubuhi tukakuta mende wamekula meno yote ya upande mmoja na kuacha duara. Hukukasirika. Ulisema hao mende wana jicho la fundi, wamefuata mstari. Ukanunua gundi.

Plaiwudi ya kukatia gia nayo ilikuwa imekwisha. Tulijua umepata nyingine siku binti yako wa kati, mwalimu, alipofungua kabati la nguo akaona ukuta.

"Mama, kabati halina mgongo."

"Kabati hutazamwa usoni," ulimjibu, ukaendelea kupiga tupa.

Wakati huo wote Baba alijifanya hasikii. Ila msumeno ulipokwama, tulimsikia akiguna, na tupa ilipoteleza, alivuta pumzi kwa meno. Siku moja ulipita na gia kubwa ukaiegemeza makusudi mahali anapoiona. Akaitazama muda mrefu. "Jino la tatu kutoka juu ni nene," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo. Ulimgeuzia mgongo ukalipunguza lile jino, na kitindamimba wako anasema ulikuwa unalia na pini zako mdomoni.

Ikafika siku ya kufunga. Tulijaa chumbani wote, hata jamaa wa stesheneri alikuja, eti aone kazi ya karatasi zake. Ukampa Baba mpini kwenye mkono wa kushoto. Akazungusha. Gia ndogo ikaenda kulia, kubwa ikaenda kushoto, na dirisha, badala ya kufunguka, likajikaza kufunga hadi fremu ikalia.

Baba akauachia mpini. "Mke wangu," alisema, "umeniwekea rivasi."

Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Na Baba alicheka kuliko sote, upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka, mtu ambaye hatukuwa tumemwona akicheka tangu augue. Tulimshauri azungushe upande wa pili yaishe. Akakataa. Alisema gari lenye rivasi peke yake haliendi barabarani. Nawe, badala ya kumwambia aache ukaidi, ukakubali kuwa ana haki, ukakata gia ya tatu ukaipachika katikati, na kubwa ikageuka kufuata mkono wake.

Dirisha likafunguka. Mwanga ukamkuta na ndevu za wiki nzima, akaomba kioo na wembe. Siku hiyo alilifungua na kulifunga hadi mama wa nyumba ya mbele akatuma mtoto aulize kama tunamwita.

Yeye tukabaki naye na dirisha lake, ukatutoka wewe uliyekuwa mzima. Hatukuwa tumejiandaa, na hili bado hatujui kulisema.

Baada ya mazishi Baba hakuushika mpini tena. Dirisha likabaki limefungwa, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Hadi dada yako, mama yetu mdogo, alipokuja kufagia chumba, akaona giza, akalisukuma dirisha kwa mabavu kama alivyozoea kusukuma mambo yote. Kukasikika kitu kikivunjika.

"Hilo halisukumwi," Baba alisema kutoka kitandani. "Linazungushwa. Umevunja jino la mwenzio."

Akajiinua akaketi bila kusaidiwa. Akaagiza tumletee karatasi zako, gundi na tupa. Sisi tulishika mbao, yeye akafuata mstari kwa mkono wa kushoto, akakosea, akaanza upya, akatugombeza kwa kushika vibaya kwa maneno yako yale yale. Gia ya kwanza tuliitupa, na ya pili pia. Ya tatu iliingia. Mama mdogo aliruhusiwa kutazama kutoka mlangoni.

Sasa kila asubuhi tunasikia meno yakigongana chumbani, taratibu, halafu mwanga unapita chini ya mlango.

Tulipokuwa tunaandika haya tulimwomba Baba naye atoe neno lake. Akaweka mkono kwenye mpini. "Mwambieni jino jipya linakaza kidogo," alisema, "lakini linapita."

Tunaokukumbuka ni mumeo, Dereva, mwanao fundi umeme na mkewe, binti yako mwalimu, kitindamimba wako, wajukuu zako, ambao sare zao bado zina upindo, dada yako, anayeomba tuandike kwamba jino lilikuwa na ufa toka zamani, na jamaa wa stesheneri, ambaye si ndugu ila alikataa kuachwa.

Mama, hutatoka mioyoni mwetu kamwe.